Dhamana ya Leta si zawadi: mkopo wa nyumba, jina la mdeni, na sisi wa Niania

Kuna neno linalozunguka katika makanisa yetu ya mashariki, kutoka Niania mpaka Mambasa, Komanda na Bunia. Ndugu zetu waliofika Marekani wanapopiga simu, wanasema fulani amenunua nyumba, serikali imemsimamia, na hata madeni yake ya zamani hayakumzuia. Anayesikia habari hiyo akiwa chini ya paa linalovuja anauliza kwa haki: mbona Leta yetu haifanyi hivyo? Na mwingine anaongeza: mimi jina langu limeharibika kwenye kooperative, je, nina tumaini gani?

Maswali haya mawili yanastahili jibu la wazi. Tusipoyajibu sisi, yatajibiwa na mtu mwenye fomu mkononi anayedai dola 20 za kuandikisha majina.

Maana ya dhamana

Tuanze na kile kinachofanyika Marekani, maana habari nyingi zinafika kwetu nusu. Mwaka 1934, wakati uchumi wa nchi ile ulipokuwa umeanguka na watu wengi wakipoteza nyumba zao, serikali iliunda idara inayojulikana kwa herufi FHA. Kwa kawaida idara hii haimpi mwananchi fedha ya kununua nyumba. Fedha inatoka kwenye benki au kampuni ya mikopo. Idara inaiambia benki: huyu akishindwa kulipa, sisi tutakufidia hasara. Kwa sababu ya neno hilo, benki inathubutu kumkopesha mtu ambaye ingemkataa.

Kwa hiyo anayelindwa kwanza ni mkopeshaji. Mkopaji anabaki na deni lake lote, na asipolipa, nyumba inachukuliwa. Tena bima hiyo inalipwa na mkopaji mwenyewe. Mwanzoni anatozwa asilimia 1.75 ya mkopo, kisha kuna malipo mengine ya kila mwaka.

Tuchukue mfano wa nyumba ya dola 150,000. Huko kila mtu ana alama zinazoonyesha jinsi anavyolipa madeni, kuanzia 300 mpaka 850. Mwenye alama 580 au zaidi anaweza kuruhusiwa kutoa asilimia 3.5 ya bei, yaani dola 5,250. Mwenye alama kati ya 500 na 579 anatakiwa kutoa asilimia 10, yaani dola 15,000. Aliye chini ya 500 hapati dhamana hiyo. Na yule wa dola 5,250 anabaki na mkopo wa dola 144,750, ambao bima yake ya mwanzo ni dola 2,533 hivi. Mlango upo hata kwa mwenye jina baya, lakini jina lake linamgharimu.

Jambo lingine ambalo familia zetu zinapaswa kulijua: tangu tarehe 25 Mei 2025, mgeni asiye na haki ya ukaazi wa kudumu hapati tena mkopo mpya wenye dhamana ya FHA. Katika mwaka wa serikali ya Marekani ulioisha Septemba 2024, Kongo iliongoza nchi zote kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa kule, karibu watu 20,000. Wengi wao ni wa mashariki, na wengine ni washiriki wa makanisa yetu. Kwao hatua ya kwanza kuelekea nyumba sasa ni kadi ya ukaazi. Ndugu aliye kule akisema hawezi kununua nyumba mwaka huu, tusimwite mvivu, wala tusimwekee mzigo wa kutujengea huku kabla hajasimama mwenyewe.

Jina linatengenezwa namna gani

Wengi wanafikiri jina baya linafutwa kwa barua au kwa kumjua mtu ofisini. Marekani kwenyewe wapo wanaouza uongo huo, mpaka sheria ya mwaka 1996 ikakataza makampuni ya kutengeneza majina kudai malipo kabla ya kufanya kazi. Habari ya kweli ya kuchelewa kulipa inakaa kwenye kumbukumbu miaka 7. Kinachofutwa mapema ni kosa tu, kwa mfano deni ulilokwisha kulipa lakini bado linaandikwa kama halijalipwa. Mengine yanatibiwa na wakati pamoja na malipo ya uaminifu, mwezi baada ya mwezi.

Kenya inatupa mfano wa karibu zaidi. Kule mikopo ya simu iliingia kila nyumba, na watu wengi wakaandikwa kwenye orodha ya wasiolipa kwa deni dogo kabisa. Novemba 2022 Benki Kuu ya Kenya ilianzisha mpango wa kutengeneza majina kwa waliokopa kwa simu mikopo ya siku 30 au chini yake. Mabenki yalitakiwa kusamehe angalau nusu ya deni lililokwama, na mdeni akapewa mpaka mwisho wa Mei 2023 kulipa lililobaki. Mpango huo uliwagusa watu zaidi ya milioni 4.

Tuangalie vizuri jinsi ulivyopangwa. Serikali haikusema madeni yote yamekufa. Ilisema: mzigo umezidi nguvu, punguzeni nusu, na nusu nyingine ilipwe kwa muda unaojulikana. Huo ni mpango unaoshika rehema na ukweli pamoja. Kusamehe kila kitu kunamfundisha mtu kukopa bila hofu. Kukataa kupunguza chochote kunamwacha nje ya mlango maisha yake yote.

Na sisi hapa?

Mkaaji wa Niania hana mlango kama ule. Mwaka 2020 serikali yetu iliunda mfuko wa dhamana unaoitwa FOGEC, lakini kazi yake ni kudhamini mikopo ya wafanyabiashara wadogo na wa kati. Haukuundwa kwa ajili ya nyumba ya kuishi. Mtu akija kijijini akisema anaandikisha watu kwa mkopo wa nyumba wa Leta, mwombeni barua ya kazi, jina la benki inayotoa fedha, na risiti ya kila franga anayopokea. Akikosa kimoja, msimpe kitu.

Wazo lenyewe si geni katika nchi hii. Mwaka 1952, wakati wa Wabelgiji, iliundwa ofisi iliyoitwa OCA, ikajenga mitaa ya wafanyakazi katika miji mikubwa. Baadaye Mfuko wa Mfalme ukasaidia watu wenye kipato kidogo kupata nyumba. Mipango hiyo ilikuwa ya mji na ya watu wenye mshahara. Mchimbaji, mkulima na mchuuzi wa barabarani hawakuhesabiwa. Sababu zilizowaacha nje wakati ule bado zinatugusa sisi leo, na tunaziona tatu.

Ya kwanza ni karatasi ya parseli. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Leta. Raia anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na sertifika ya kuandikishwa peke yake. Benki inayotaka kushika nyumba kama rehani inadai sertifika hiyo. Lakini wengi wetu tuna karatasi ya shefu, au ushuhuda wa majirani, au mkataba ulioandikwa kwenye daftari la shule. Sheria ileile, katika kifungu cha 389, iliahidi kwamba amri ya Rais itapanga haki za ardhi za kimila. Miaka mingi ilipita bila amri hiyo kutoka. Hivyo mtu anaweza kukaa kwenye parseli ya babu yake miaka 40, na mbele ya benki akahesabiwa kama hana kitu.

Ya pili ni kipato. Niania ni njia panda: barabara ya Kisangani, ya Mambasa na ya Isiro zinakutana hapa. Fedha inapita, ya dhahabu, ya kakao, ya wachuuzi na ya motari. Lakini inapita bila kuacha alama. Mtu anaweza kuuza dhahabu mwaka mzima bila karatasi moja ya kuonyesha alichopata. Mwalimu ana karatasi ya mshahara, lakini mshahara wake ni franga wakati mikopo mingi inahesabiwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa franga 2,000 hivi. Mwisho wa mwaka uleule ilipita 2,600. Aliyepaswa kurudisha dola 50 kwa mwezi alianza na franga 100,000 na akamaliza mwaka akitoa zaidi ya 130,000, bila mshahara wake kujua habari hiyo. Mtu kama huyo akichelewa, jina lake linaandikwa vibaya, wala hakuna anayeandika sababu.

Ya tatu ni vita, na hapa ndipo moyo wa jambo ulipo. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri na Kivu ya Kaskazini ziko chini ya hali ya dharura. Katika teritware yetu ya Mambasa familia nyingi zimekimbia, zikaacha mashamba ya kakao, maduka na nyumba. Goma nako, mwisho wa Januari 2025, mabenki yalifunga milango, na wenye akiba na wenye madeni wakabaki wamekwama pamoja. Mtu aliyekopa ili anunue mabati, kisha mabati yakachomwa moto pamoja na nyumba, deni lake halikuchomwa. Benki Kuu ya Kongo ina daftari la mikopo ambalo benki na mashirika ya mikopo yanapeleka habari za wadeni wao. Katika daftari la namna hiyo, aliyekimbia risasi na aliyekimbia deni wanaweza kuonekana sawasawa.

Huo sio uaminifu, hata kama hesabu iko sawa. Ndiyo maana tunasema swali la dhamana ya serikali katika mashariki haliwezi kutenganishwa na swali la majina yaliyoharibiwa na vita. Leta ikiunda kesho mfuko wa nyumba na kuweka sharti la jina safi, bila kuuliza jina lilichafuka namna gani, watakaopita ni wale ambao vita haikuwagusa.

Kule Marekani kanuni za FHA zinaruhusu kupunguza muda wa kungoja kwa mtu aliyenyang'anywa nyumba, kama sababu ilikuwa ugonjwa mkubwa au kifo cha aliyekuwa akilisha nyumba. Ikiwa kifo cha mlezi kinahesabiwa huko, kwa nini kijiji kilichoteketea kisihesabiwe kwetu?

Kanuni nyingine ya kule inatuhusu zaidi. Mtu asiye na alama kabisa hafukuzwi papo hapo. Mkopeshaji anaweza kuangalia kama amelipa kodi ya nyumba, umeme na simu kwa muda wa miezi 12 bila kuchelewa. Yaani wanaukubali ushahidi wa maisha ya kawaida. Nasi tunao ushahidi wa namna hiyo, ila hatuuandiki. Likelemba ya akina mama inayozunguka kila juma bila mtu kukosa ni ushahidi. Kodi ya chumba inayolipwa kila mwezi ni ushahidi. Mkopo mdogo wa kooperative uliorudishwa kwa wakati ni ushahidi. Ukibaki kichwani mwa mwenye likelemba, siku atakapohama umepotea.

Tufanye nini sasa

Kwa mwenye deni lililokwama, hatua ya kwanza ni kwenda mwenyewe. Kooperative nyingi zinaogopa anayekimbia kuliko anayekuja mikono mitupu. Nenda kabla siku ya malipo haijapita, au mara tu baada ya kurudi kutoka ukimbizini. Eleza lililotokea, peleka ushuhuda wa shefu au wa mchungaji ikiwa ulikimbia, na omba mpango mpya: muda mrefu zaidi, kiasi kidogo kwa mwezi, na faida ya adhabu iondolewe. Mkikubaliana, iandikwe na kusainiwa. Ukimaliza kulipa, usitoke ofisini bila karatasi inayosema deni limekwisha. Karatasi hiyo iweke mahali pamoja na vyeti vya ubatizo na vya shule. Sheria ya mwaka 2002 juu ya kooperative za akiba na mikopo, na ile ya 2011 juu ya mikopo midogo, zimeziweka taasisi hizo chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Kwa hiyo hauzungumzi na mtu wa sokoni anayefanya apendavyo.

Usichukue deni jipya ili ufunike la zamani. Mume na mke wakae pamoja juu ya jambo hili. Tangu sheria ya familia ilipobadilishwa tarehe 15 Julai 2016, mke haitaji tena ruhusa ya mume mbele ya sheria kama mtoto. Sheria inawataka wawili hao wakubaliane katika mambo yanayowafunga. Baba anayeweka nyumba rehani kwa siri anavunja agano la nyumbani, na anavunja sheria pia.

Kwa mwenye parseli, karatasi ianze leo hata kama sertifika iko mbali. Pimeni mipaka na majirani wote wakiwepo, waandike majina yao na kusaini, shefu aweke muhuri. Andikeni jina la mke pia. Halafu ulizeni gharama halali za kila hatua kwenye ofisi ya ardhi, na msilipe bila risiti. Familia kumi za mtaa mmoja zikienda pamoja, mpimaji anasafiri mara moja tu, na mmoja wao hawezi kudanganywa kwa urahisi.

Kwa anayejenga bila mkopo, aendelee bila haya. Matofali ya kuchoma mwaka huu, msingi mwaka ujao, mabati (wengine tunasema manjanja) kwa zamu ya likelemba: hiyo ndiyo njia iliyojenga nyumba nyingi za Niania. Ni ya polepole, lakini hakuna anayekuja kuichukua nyumba hiyo. Mkopo una faida pale tu ambapo malipo ya mwezi yanaingia ndani ya kipato cha mwezi mbaya. Ukihesabu kwa mwezi wa mavuno umejidanganya. Bwana wetu mwenyewe alifundisha habari ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba kwanza anaketi na kupiga hesabu ya gharama.

Kwa makanisa, tunasema mambo mawili. Makanisa yasitie saini ya udhamini kwa sababu ya huruma tu. Mithali inaonya waziwazi juu ya kuwa mdhamini wa deni la mwingine bila uwezo wa kulipa, na tumeona mchungaji akigombana na mshiriki wake kwa saini ya namna hiyo. Lakini kanisa linaweza kusaidia kutunza daftari. Likelemba za washiriki ziandikwe, malipo yawekwe tarehe, kila mmoja apewe nakala yake. Hilo halihitaji fedha. Linahitaji kalamu, daftari na mtu mwaminifu.

Neno kwa wenye mamlaka

Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 5, watu walilia kwa sababu walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine walikopa ili walipe kodi ya mfalme. Nehemia hakuwaambia kwamba walikuwa wavivu. Aliwaita wakubwa na wenye mamlaka, akawakemea hadharani, na akadai warudishe mashamba na nyumba. Alijua kwamba ukuta wa mji hauna maana ikiwa waliomo ndani yake hawana pa kulala.

Kwa roho hiyo tunawaomba wabunge wetu na viongozi wa jimbo mambo matatu. Mfuko wa dhamana ukipanuliwa siku moja kufikia nyumba za kuishi, uwakubali wenye kipato kisicho na karatasi ya mshahara kwa ushahidi wa malipo ya kawaida. Deni lililokwama kwa sababu ya vita litengwe na deni la aliyekataa kulipa, na mdeni apewe haki ya kuona kilichoandikwa juu ya jina lake na kukirekebisha. Na huduma ya ardhi ifike barabarani kwetu, ili sertifika isibaki kitu cha watu wa mjini.

Wapendwa, nabii Elisha alipomsaidia yule mjane aliyedaiwa, mafuta yalipojaa vyombo alimwambia auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Mpangilio huo ni mzuri kwetu pia: deni kwanza, na kinachobaki kiwe cha maisha. Lakini tusisahau kwamba mjane yule alianza kwa kwenda kwa majirani kuazima vyombo vitupu, nao wakampa. Mwenye deni katika kanisa lako anahitaji majirani wa namna hiyo. Juma hili, mwulize anahitaji chombo gani.